Majaketi Manne Madogo

Kilichomsimamisha Inspekta Mwamvua Khatibu mlangoni mwa chumba cha vielelezo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kilikuwa jalada la wizi wa mbuzi. Lilikuwa limelowa chapachapa.

Mvua haikunyesha usiku ule, na paa la kituo cha polisi Kibondo, pamoja na aibu zake zote, halikuwa linavuja upande huo. Akainua macho. Kwenye rafu ya juu yalipangwa majaketi manne madogo ya kuokolea, ya rangi ya chungwa, kila moja na kibandiko chenye jina la mtoto aliyeopolewa amelivaa. Watoto wote wanne walikuwa mochwari. Majaketi yao yalikuwa na siku ya tatu pale juu, na bado yanadondosha maji.

Alishusha moja. Kibandiko kilisema Ineza, miaka sita. Lilimvuta bega. Kisha akashusha jaketi la mtu mzima, la mtumbwi uleule na siku ileile. Hilo lilikuwa jepesi na kavu, lingeweza kuvaliwa kanisani.

"Koplo! Nani aliandika kwamba vifaa vya uokoaji vilikuwa salama?"

Koplo Anania alikuja na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa Muha wa Kasulu, mtaratibu, mwenye mwandiko mzuri kuliko watu wote kituoni, na ndiyo sababu alipewa kuandika mambo ambayo hakuyachunguza.

"Mimi, afande. Yote yana muhuri." Akaonyesha maandishi meusi mgongoni mwa jaketi: IMEPIMWA.

"Muhuri nimeuona. Jaketi ulilishika?"

Anania akatazama chai yake.

"Basi ulikagua wino. Leta wembe, halafu umtoe Obedi mahabusu."

Kesi yenyewe kila mtu kituoni aliiona imekwisha. Siku tatu nyuma, mto Malagarasi ukiwa umejaa kwa masika, waokoaji wa kujitolea wa kivuko cha Rusenga walikwenda kuwatoa Warundi waliokwama kwenye kisiwa cha matete. Walikuwa watu wanane, wakubwa wanne na watoto wanne, waliorudishwa kwao mwaka jana na sasa wanakimbia tena. Mtumbwi wao, uliochongwa gogo moja la mti, ulipinduka katikati ya mto. Wakubwa wote walipona, na mpiga kasia Obedi akapona. Watoto wakafa wote. Na mama mmoja, Ndayisaba, aliandikisha maelezo kwamba alimwona Obedi kwa macho yake akimbandua mwanawe vidole kwenye mtumbwi, kimoja kimoja, mpaka mto ukamchukua.

Shtaka lilikuwa la mauaji. Saa tisa alasiri Obedi angefikishwa mahakamani, na jalada lilitakiwa mezani kwa mwendesha mashtaka saa nane na nusu. Kwa kosa hilo sheria ina adhabu moja tu, nayo ni kamba.

Obedi aliingia akiwa amefungwa pingu. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, macho mekundu.

"Mlikuwa wangapi mtumbwini?" Mwamvua alimuuliza.

"Tisa, mimi nikiwamo, afande. Kanuni inasema wasizidi kumi."

"Kanuni ipi?"

"Zile Kanuni Tisa zetu. Zamani kila kivuko kilikuwa na mambo yake. Huku wanapakia watu ishirini, kule wanaokoa bila kamba. Watu wakawa wanakufa mikononi mwetu. Mwaka jana mwezi wa nane tukakaa hapa Kibondo siku nne, vivuko vitatu, tukaandika kanuni za wote. Nimezishika kichwani."

"Zitaje."

Alizitaja akiwa amefumba macho, kama mtoto mbele ya katekista. Mwamvua alimkatisha kwenye ya tatu.

"Rudia hiyo."

"Kanuni ya tatu. Kila jaketi lifungwe jiwe la kilo tatu, litupwe majini, lisubiriwe nusu saa. Likizama, lichomwe moto."

"Na ya sita?"

"Mtumbwi ukipinduka, mwenye jaketi aachie, asiye na jaketi ashike. Gogo likilemewa na wote, afande, linazama na wote. Wakubwa wawili walikuwa na majaketi, wakaachia, wakaopolewa huko chini wazima. Mimi nilipiga kelele tu: watoto waachie! Wale watatu wakanisikia. Ineza ndiye alikataa. Lakini sikumgusa, naapa mbele ya Mungu."

"Mama yake anasema ulimgusa."

"Mimi nilikuwa nimekwama kwenye kisiki cha mti mtoni, nimeshika kamba ya mtumbwi. Ningeiachia, gogo lingeondoka na waliolishika."

"Kamba ina urefu gani?"

"Hatua kumi na mbili."

"Fungua viganja."

Ngozi ya viganja vyote viwili ilikuwa imechubuka mpaka nyama nyekundu, mistari miwili iliyolingana, kushoto na kulia. Mwamvua aliitazama, akaandika mstari mmoja kwenye daftari lake, akalifunga.

"Mrudishe," alimwambia Anania.

"Afande," Obedi aliuliza akiwa mlangoni, "wale watoto walipotelea wapi? Mbona majaketi hayakuwabeba? Nawaza jambo hilohilo siku tatu. Au mamba?"

Anania alivuta mlango.

Wembe ulipita kwenye mshono wa jaketi la Ineza, na maji yakamwagika mezani hadi viatuni. Ndani hapakuwa na ile sponji ngumu isiyokunywa maji. Palikuwa na vipande vya godoro, vya njano, vilivyozungushiwa nailoni. Aliyeshona alipitisha sindano ya cherehani juu ya nailoni hiyo, na kila tundu la sindano lilikuwa mlango wa maji kuingia. Nailoni ikayazuia yasitoke. Mwamvua aliikunjua nailoni ile kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa karatasi ya kufungia magodoro mapya, na kwenye pembe ilikuwa na kibandiko: GHARIBU MAGODORO, KASULU.

"Sasa kanuni zenyewe," alisema. "Nakala ya jaladani."

Anania alimpa. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri, imesainiwa na katibu wa waokoaji, Mwalimu Loyce, tarehe ishirini na nane Machi. Mwamvua alisoma kanuni ya tatu mara mbili, kisha akamgeuzia koplo karatasi.

"Jiwe la kilo tatu," Anania alisoma. "Lisubiriwe... dakika tano."

"Obedi amekariri nusu saa."

"Labda amesahau, afande."

"Nane amezikumbuka neno kwa neno, hii moja ndiyo asahau? Washa gari."

Walifika Kasulu saa tatu na nusu, na vumbi la njia nzima kooni. Mzee Gharibu alikuwa amekaa mbele ya duka lake kati ya magodoro yaliyosimamishwa, na cherehani yake kubwa ya kushonea foronya za viti ikiwa ndani kivulini. Kofia yake ilikuwa nyeupe pe. Mwamvua alimwamkia kwa salamu ya nyumbani kwake Tanga, na uso wa mzee ukachanua.

"Mwanangu wa pwani! Karibu, karibu. Godoro la inchi ngapi?"

Mwamvua alimwekea jaketi lililopasuliwa mapajani.

Uso ulisinyaa. Mzee Gharibu alilipapasa mshono, akauweka mkono wake pembeni usiguse tena.

"La haula," alisema. "Mlivalisha watu?"

"Watoto. Mzee wangu, nani alikuagiza?"

"Mwalimu Loyce wa Kibondo. Alikuja na jaketi la mtu mzima, akaniambia nichukue mfano, nishone madogo manne. Nikamwambia, Mwalimu, sponji yake mimi sina, hii hapa ni ya kulalia. Akasema shona kwa ulichonacho, ni ya ukaguzi tu. Wafadhili wanakuja tarehe thelathini, na mtumbwi usio na majaketi manne ya watoto unafungiwa usiingie mtoni. Ya kweli yako njiani."

"Ukayapima?"

"Mimi si mtu wa maji, lakini sikushona nikalala. Nilishona matano. La kwanza nikalifunga jiwe, nikalitia kwenye pipa la kufulia, mwenyewe Mwalimu amekaa hapo hapo ulipokaa wewe. Halikufika dakika ishirini, likazama. Tukalitazama chini kule. Nikamwambia, umeona? Akaniuliza, lakini dakika ngapi linavumilia bila shaka? Nikasema kumi, kumi nakuapia. Akatoa kalamu."

"Akaandika nini?"

"Sikuchungulia, mwanangu. Si tabia yangu."

"La tano liko wapi?"

Mzee Gharibu aliinuka kwa tabu, akaingia ndani, akarudi na jaketi dogo lililokauka, halina muhuri. Alibaki nalo kama kipimo, endapo angeagizwa mengine. Aliposaini maelezo yake, Mwamvua, aliyempenda mzee yule tangu salamu, alimwambia bila kupunguza kitu kwamba angeitwa mahakamani, na kwamba alijua linazama akalishona hivyohivyo.

"Walikuwa wangapi?" mzee aliuliza.

"Wanne. Umeshona manne, wamekufa wanne."

Wakiwa njiani kurudi, Anania aliuliza kama hilo la mwisho lilikuwa na ulazima. Mwamvua alisema lilikuwa hesabu.

Walipinda kuingia kambi ya Nduta. Ndayisaba alikuwa amehifadhiwa kwa dada yake, kwenye nyumba ya tofali mbichi iliyokuwa na vyungu vichache mlangoni. Alipanda gari bila kuuliza. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyejifunga kitenge cha kuazima, na kifundo cha mkono wake wa kulia kilizungushiwa kitambaa.

"Mkono una nini, mama Ineza?"

Jina hilo lilimfanya afumbe macho. "Msumari, madamu. Msumari ya mtumbwi."

"Pole," alisema Mwamvua, akageukia barabara.

Anania alimtupia jicho kupitia kioo. "Afande, huyu tunampeleka wa nini? Maelezo yake tunayo."

"Ana haki ya kuona kilichomuua mwanawe. Endesha."

Saa saba na robo Mwalimu Loyce alikuwa tayari amekaa uani kituoni, chini ya bati la kuegeshea pikipiki, na begi la vitabu magotini. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano, aliyeletwa na serikali kufundisha sayansi akitokea mbali na akabaki miaka kumi na miwili, jambo ambalo wenzake wengi hawaliwezi. Wilaya nzima ilimheshimu, na alikuwa anajua hivyo.

"Afande, nina vipindi saa nane."

"Hiki ndicho kipindi chako, Mwalimu. Sayansi."

Pipa la maji lilikuwa limejazwa hadi ukingoni. Ndayisaba alikalishwa kwenye benchi. Obedi alitolewa na pingu zake, akasimamishwa ukutani, na yule mama alipomwona aligeuza uso. Mwamvua alifunga jiwe la kilo tatu kwenye jaketi la tano, akavua saa yake ya mkononi, akamkabidhi Loyce.

"Utatuhesabia dakika. Kwa sauti, wasikie wote."

Loyce aliliona jaketi lile. Alilijua. Hata hivyo aliipokea saa, maana mwalimu haonyeshi darasa kwamba ameshtuka.

Jaketi lilitumbukizwa. Likaelea vizuri kabisa, jiwe likining'inia chini yake.

"Moja," alisema Loyce. Baadaye, "Mbili."

Kuku wa mke wa askari fulani walipita wakidonoa chini ya benchi.

"Tano," alisema Loyce, na akanyanyua kidevu. "Limepita."

"Limepita kwa kanuni ya nani?"

"Kanuni ya vivuko vyote vitatu."

"Obedi, kanuni ya tatu inasema muda gani?"

"Nusu saa, afande. Tulipiga kura, mikono yote juu."

"Mwalimu, endelea kuhesabu."

Loyce aliendelea. Kwenye dakika ya tisa aliacha kutazama pipa. Kwenye ya kumi na moja alianza kuzungumza, haraka, katikati ya namba.

"Niliisawazisha. Katibu ana mamlaka ya kusawazisha. Kiangazi mtu anavuka ule mto kwa dakika tano, nenda kapime! Mlitaka nifanye nini? Yale madogo ya kweli yalikwama bandarini. Bila majaketi manne mtumbwi unafungiwa masika nzima. Tangu Januari tumetoa majini watu sitini na wawili. Wangetolewa na nani, na nyie?"

"Sasa ni masika," alisema Mwamvua. "Simu ya kuomba msaada ilipigwa saa nne na dakika ishirini. Mtumbwi wa pili ulifika saa tano kamili. Hizo ni dakika ngapi?"

Loyce aliitazama saa.

"Unafundisha sayansi, Mwalimu. Ngapi?"

"Arobaini."

"Na ya kweli yakifika, mngeyabadilisha lini?"

"Yako ofisini," alisema Loyce polepole. "Yaliletwa Jumatatu. Nilikuwa na mitihani. Nilisema nitayapeleka Jumamosi."

Watoto walikufa Jumanne. Obedi, ambaye mpaka hapo alikuwa anafuata mambo kwa taabu, aliinua pingu zake kifuani. Alikuwa anatazama pipa.

"Kumi na tano," alisema Loyce. "Kumi na sita."

Jaketi lilianza kuinama upande mmoja. Bega moja la rangi ya chungwa likaingia majini, likarudi juu, likaingia tena. Kisha likashuka bila kelele, na maji kidogo yakamwagika ukingoni, na pipa likabaki na anga tupu.

"Dakika?" Mwamvua aliuliza.

"Kumi na saba."

"Koplo, umeandika? Mwalimu Loyce, uko chini ya ulinzi kwa kusababisha vifo vya watoto wanne. Saa yangu, tafadhali."

Loyce aliirudisha. Alijaribu kusimama, begi likamponyoka, na madaftari ya wanafunzi yakatawanyika kwenye tope la pipa. Hakuna aliyeinama kumsaidia.

"Mimi ndiye niliwaambia waachie," alisema Obedi. Aliteleza ukutani mpaka akakaa chini. "Walinisikiliza. Watoto wa watu walinisikiliza."

Mwamvua hakumwangalia. Alikuwa amesogea kwenye benchi, akakaa karibu na Ndayisaba, ambaye hakuwa ameondoa macho kwenye pipa tangu jaketi lilipozama.

"Koplo, njoo utafsiri ikibidi," alisema Mwamvua. "Mama Ineza, huyu bwana alikuwa kwenye kisiki, na kamba mikono miwili. Kamba imemla viganja, nimeviona. Alikuwa hatua kumi na mbili kutoka kwa mwanao. Hawezi kubandua vidole vya mtu aliye hatua kumi na mbili."

Ndayisaba alikishika kitambaa cha mkononi mwake.

"Na mtumbwi ule ni wa gogo moja. Umechongwa kwa shoka na tezo. Hauna msumari hata mmoja."

Anania aliacha kuandika. Sasa ndipo alipoelewa kwa nini waliingia Nduta, na alimtazama mkubwa wake kwa macho ambayo koplo hapaswi kumtazamia inspekta.

Yule mama alianza kufungua kitambaa. Alifungua taratibu, mzunguko mmoja baada ya mwingine, akaweka mkono wake juu ya goti ili waone. Juu kidogo ya kifundo palikuwa na alama za meno, maduara mawili madogo, la juu na la chini, na kwenye duara la juu palikuwa na pengo katikati, pale ambapo mtoto wa miaka sita hung'oka meno ya mbele.

"Gogo ilikuwa inaenda chini," alisema. "Mimi sikuwa na jaketi. Yeye alikuwa na jaketi. Nikamwambia rekura, achia, mwanangu, rekura, jaketi itakubeba. Akakataa. Nikamtoa kidole. Moja. Moja. Akaniuma."

"Anasema..." Anania alianza.

"Nimemsikia. Alisema kwa Kiswahili."

"Alinitazama akienda," alisema Ndayisaba. "Alikuwa juu ya maji, anaelea. Nikamshukuru Mungu. Nikafumba macho kidogo, nikafumbua, hayuko. Madamu, mimi sikujua kusema hiyo. Ule mtu ndiye alipiga kelele waachie. Nikasema ni yeye."

"Ungemwacha anyongwe."

"Ego," alisema yule mama, kwa sauti ya kawaida kabisa. Ndiyo.

Mwamvua alisimama, akakung'uta sketi yake. Saa yake ilisema saa saba na dakika arobaini na tatu, muda wa kutosha kabisa. Alimwagiza Anania amfungue Obedi pingu, kisha aandike maelezo mapya ya shahidi, tangu mwanzo, bila kuruka kidole hata kimoja.

"Madamu."

Ndayisaba alikuwa amemshika pindo la shati. Mkono uliomshika ulikuwa uleule wenye meno.

"Kama ningemwacha ashike?"

Anania alimtazama inspekta wake na kutikisa kichwa, kidogo tu, akimsihi. Kazini Mwamvua Khatibu alikuwa hajawahi kumdanganya shahidi, na alijivunia jambo hilo.

"Wote walioshika gogo wako hai," alisema. "Nawe ukiwamo."

Akauondoa ule mkono kwenye shati lake, kidole kimoja baada ya kingine, akaingia ndani kupeleka jalada.